Krosi ya Propela Inapogonga: Namna ya Kuipima, Kuing'oa na Kufunga Mpya

Mlio mmoja mkavu, "tok!", unaosikika chini ya sakafu ya gari pale dereva anapotoa rivasi na kuingiza gia ya mbele, ndio unaowaleta watu wengi gereji wakiwa wameshaambiwa na jirani kwamba difu, yaani boksi la meno lililo kwenye ekseli ya nyuma, imekwisha. Mara nyingi difu haina kosa. Kinachogonga ni krosi ya propela, kipande cha chuma chenye umbo la msalaba kinachoenea kwenye kiganja, na kazi ya kukibadilisha inaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye subira, jiliwa (vaisi) madhubuti na spana chache. Nimetanguliza subira kabla ya vifaa kwa makusudi. Krosi ya zamani huuawa na ukosefu wa grisi, lakini krosi mpya huuawa na haraka ya aliyeifunga, na mimi mwenyewe nimewahi kuiua moja kwa njia hiyo, kama nitakavyoeleza mbele.

Mwongozo huu unahusu magari ambayo injini yake iko mbele na nguvu yake hupelekwa nyuma: HiAce na Caravan za matatu, Hilux, D-Max, Land Cruiser na mengine ya jamii hiyo. Mwenye Vitz, Premio au Probox ya kawaida asihangaike kulala chini kutafuta propela, kwa kuwa magari hayo huvutwa na magurudumu ya mbele, na viungo vyake ni vya aina nyingine, vilivyofichwa ndani ya buti za mpira, ambavyo vikichakaa hulia "ka-ka-ka" gari linapokata kona. Kati ya hayo, ni yale yanayoendesha magurudumu yote manne ndiyo yaliyo na propela.

Kazi ya krosi, na kwa nini huku kwetu haidumu

Propela ni bomba la chuma linalochukua mzunguko kutoka kwenye giaboksi na kuupeleka kwenye difu. Giaboksi imetulia mahali pake, ilhali difu ya gari la aina hii hukaa pamoja na ekseli chini ya springi, ikipanda na kushuka kila gurudumu linapoingia shimoni. Bomba lililonyooka haliwezi kuvumilia hali hiyo bila kupinda au kuvunjika, na ndiyo sababu kila ncha ya propela huwa na panda, mfano wa panda ya manati, yenye masikio mawili, inayoshikana na panda nyingine kwa kupitia krosi. Krosi ina miguu minne. Kila mguu umevikwa kikombe cha chuma kigumu, na ndani ya kikombe kuna sindano nyembamba zilizopangwa kwa duara, zimezama katika grisi na kuzibwa mdomoni kwa sili ya mpira. Ni sindano hizo, si krosi yenyewe, zinazobeba uzito wote.

Uzito huo si mdogo, wala kasi yake si ndogo. Gurudumu lenye mzingo wa mita 2, gari likienda kilomita 80 kwa saa, huzunguka takriban mara 667 kwa dakika. Difu yenye uwiano wa 4.1 kwa 1 ina maana kwamba propela yenyewe inazunguka zaidi ya mara 2,700 kwa dakika hiyo hiyo. Kipande kilicholegea kidogo tu katika mwendo huo hugeuka nyundo.

Huku pwani, Mombasa, kuna adui wa ziada, naye ni chumvi. Gari linalovuka Likoni kila siku hupita kwenye mteremko wa feri uliolowa maji ya bahari, na wakati wa masika, barabara za chini zinapojaa maji, propela huoga matope na chumvi kwa pamoja. Maji yakipenya kwenye sili huisukuma grisi nje, na kinachobaki ndani ni kutu. Nimezoea kuona krosi iliyo upande wa difu ikifa kabla ya iliyo upande wa giaboksi, kwa kuwa ndiyo inayopepea zaidi na ndiyo inayorushiwa maji, lakini usichukulie hilo kuwa kanuni, zipime zote.

Kupima kwa sikio, kisha kwa mkono

Dalili inayotangulia, nayo ndiyo inayopuuzwa zaidi, ni mlio mwembamba kama wa kifaranga, "twi-twi-twi", unaosikika gari likienda polepole na kuharakika kadiri gari linavyoongeza mwendo. Huo ni mlio wa sindano zilizokaukiwa. Barabarani hupotea ndani ya kelele za injini na upepo, kwa hiyo mimi humwambia mwenye gari alipitishe asubuhi mapema Ndia Kuu, kule Mji wa Kale, vioo vikiwa vimeteremshwa na redio imezimwa. Kuta zilizokaribiana za mtaa ule hurudisha kila sauti inayotoka chini ya gari, na mtu husikia kwa dakika mbili jambo ambalo asingelisikia kwa mwezi mzima kwenye barabara ya Mtwapa. Mlio huo ukisikika mapema, na ikiwa krosi ina nipo, ile chuchu ya kupigia grisi, grisi peke yake inaweza kuongeza maisha yake. Ukishapita wakati, mlio hunyamaza wenyewe, na watu hufurahi wakidhani gari limepona, kumbe sindano zimesagika na sasa kuna nafasi badala ya msuguano.

Dalili ya pili ni mlio ule wa "tok!" wakati wa kubadilisha kutoka R hadi D, au klachi inapoachiwa, au dereva anapokanyaga mafuta baada ya kuyaachia. Ya tatu ni mtikisiko. Hapa pana haja ya kutenganisha mambo, kwa sababu mtikisiko una wenyewe wengi. Usukani ukitetemeka mikononi, anza kwa kutazama magurudumu ya mbele na balansi yake. Ukiusikia zaidi kwenye kiti na sakafu, nao ni wa haraka kama mvumo badala ya kuwa wa kuyumba, propela inastahili kushukiwa, kwa kuwa huzunguka mara nne hivi kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Mtikisiko unaokuja gari linapoondoka tu na kutulia baadaye, hasa likiwa na abiria, mara nyingi huwa ni mpira wa senta bearingi, ile inayoishikilia propela katikati, kwa magari yenye propela ya vipande viwili.

Baada ya sikio, lala chini. Weka gari mahali pa usawa, zuia magurudumu kwa kabari mbele na nyuma, kisha utoe gia na kuachia hendibreki ili propela isiwe imebanwa na chochote. Usifanye hivi kwenye mteremko hata ukiwa mdogo kiasi gani. Shika flanji ya difu, ile sahani inayofungiwa propela kwa bolti, kwa mkono mmoja na bomba la propela kwa mkono wa pili, uzizungushe kinyume, huku na huku, kwa nguvu ya kufungua kifuniko cha chupa. Pande zote mbili zikienda pamoja na ukasikia mgongano mdogo ndani ya difu, huo ni mchezo, yaani ulegevu, wa meno ya difu yenyewe, ambao kiasi chake ni cha kawaida. Sikio la upande mmoja likitangulia kabla ya sikio la upande wa pili kufuata, krosi imekwisha. Ili kuondoa shaka, weka ncha ya kidole gumba kwenye mpaka kati ya kikombe na mguu wa krosi huku mwenzio akizungusha. Kidole huhisi mchezo ambao jicho halioni. Kisha pitisha bisibisi kubwa katikati ya masikio na uinue kidogo, juu na chini, kwani kuna krosi isiyocheza kwa kuzunguka ila inacheza kwa kupanda.

Jicho lina kazi moja tu hapa, nayo ni kutafuta vumbi kavu la rangi ya hina pembezoni mwa vikombe. Hiyo ni kutu iliyosagwa na sindano na kutemwa nje kupitia sili iliyopasuka. Ukiliona vumbi hilo kwenye kikombe kimoja, usisumbuke kupima zaidi krosi hiyo; anza kutafuta nyingine.

Kununua

Mwembe Tayari hakukosekani krosi, lakini kuna krosi na krosi. Usiende dukani na jina la gari peke yake, kwa kuwa HiAce za miaka tofauti hubeba krosi tofauti. Nenda na ya zamani mkononi, au na vipimo viwili vilivyochukuliwa kwa venia, kile kipimio cha taya mbili: kipenyo cha kikombe, na urefu kutoka mgongo wa kikombe kimoja hadi mgongo wa kikombe kinachokielekea. Tofauti ya nusu milimita inatosha kuifanya krosi isiingie, au iingie na kucheza siku hiyo hiyo. Kwenye maboksi ya GMB, namba zinazoanza na GUT ni za Toyota na zinazoanza na GUN ni za Nissan, ila boksi linaweza kuchapishwa na yeyote, hivyo fungua utazame kilichomo. Vuta kikombe kimoja taratibu: sindano ziwe zimejaa duara bila pengo, mguu wa krosi uwe umeng'arishwa bila alama ya kifaa, na sakilipu, zile pete za kuzuia kikombe kisitoke, ziwe nne na za unene mmoja. Krosi iliyotumika, hata iwe imetoka Japani moja kwa moja, mimi siinunui. Kuna spea ambazo mitumba yake ni bora kuliko mpya za bei rahisi, krosi haimo.

Jambo moja la kuulizwa kabla ya kutoa pesa ni kama propela yako ina sakilipu. Baadhi ya magari madogo ya saluni yanayoendeshwa kwa magurudumu ya nyuma yana krosi zilizofungiwa kiwandani kwa kugonga chuma cha sikio ili kikumbatie kikombe, na hizo hazibadilishwi kwa njia ninayoieleza hapa. Hubadilishwa propela nzima, au hupelekwa kwa mkereza vyuma mwenye mashine na uzoefu wa kazi hiyo.

Kuishusha propela

Tia kabari magurudumu ya mbele, inua nyuma kwa jeki chini ya difu, kisha uweke stendi za chuma chini ya ekseli pande zote mbili. Jeki peke yake si stendi, na tofali za mawe ya matumbawe ambazo nimeona watu wakizitumia hupasuka bila kuaga. Hapa pana hatari ambayo hata mafundi wazoefu huisahau. Magurudumu ya nyuma yakiwa hewani, hendibreki na gia ya P hazizuii chochote. Ni kabari za mbele tu zinazolishika gari. Hata ukilirudisha chini, propela ikiwa imetolewa, gia ya P haina tena njia ya kufika kwenye magurudumu. Kwa gari kama Land Rover Defender ya zamani, ambalo hendibreki yake hushika propela badala ya magurudumu, hata hendibreki haitafaa kitu.

Kabla ya kugusa spana, safisha flanji kwa brashi ya waya na utie alama. Piga mstari wa rangi ya kucha au rangi ya mafuta unaopita juu ya flanji ya difu na panda ya propela, mwingine pale kipande chenye meno kinapoingia ndani ya kingine, na mwingine tena kwenye kiungo cha kati ikiwa propela ni ya vipande viwili. Chaki haifai, itafutika kwa mafuta kabla hujamaliza.

Alama hizi zina sababu mbili. Ya kwanza ni balansi, kwa kuwa propela ilisawazishwa kiwandani, na vile vipande vidogo vya chuma vilivyochomelewa juu ya bomba havikuwekwa kwa urembo. Ya pili ni nzito zaidi. Krosi inayofanya kazi ikiwa imepinda haizungushi kwa kasi moja: katika kila mzunguko mmoja, upande unaopokea huharakika mara mbili na kupunguza mara mbili, hata kama upande unaotoa unakwenda sawa. Robert Hooke wa Uingereza alilichunguza tatizo hili tangu karne ya 17, ijapokuwa Wafaransa na Wajerumani hadi leo hukiita kiungo hiki kwa jina la Cardano, Mtaliano aliyezaliwa 1501. Dawa yake ni kuwa na krosi mbili zenye pembe sawa, masikio ya panda mbili za bomba moja yakitazama upande mmoja, ili kosa la krosi ya kwanza lifutwe na la pili. Ukirudisha kipande chenye meno kikiwa kimeruka jino moja au mawili, mlingano huo unavunjika, na gari litatikisika hata kama krosi zote ni mpya. Nimeletewa matatu zaidi ya moja ambazo zilibadilishiwa krosi mara mbili, senta bearingi mara moja, na magurudumu yakapigwa balansi, ilhali kosa lilikuwa ni alama ambazo hazikupigwa.

Sasa fungua. Magari mengi huwa na bolti nne kwenye flanji ya difu, na kwenye Toyota mara nyingi ni za spana 14. Ingiza gia ili propela isizunguke unapolegeza, utoe gia unapotaka kuizungusha ufikie bolti inayofuata. Tumia spana ya pete au soketi, si spana ya mdomo wazi, kwani nati hizi zikipoteza pembe zake chini ya gari utajuta. Acha bolti moja ikiwa imeshika kwa nyuzi mbili tatu hadi uwe umeshaikamata propela kwa mkono, au umeifunga kwa waya kwenye chesi. Propela ikianguka upande mmoja huku upande wa pili umefungwa, uzito wake wote huning'inia kwenye krosi iliyobaki, na ile iliyokuwa nzima huharibika. Ya vipande viwili ina pia kibanio cha senta bearingi. Weka alama mahali kinapokaa, na vipande vyembamba vya chuma vilivyo chini yake, kama vipo, virudi vilikotoka.

Kwa gari ambalo ncha ya mbele ya propela huingia moja kwa moja ndani ya giaboksi, tarajia oili kumwagika utakapoivuta. Kuwa na mfuko wa plastiki mzito na mpira wa kufungia tayari mkononi, uzibe mara moja. Ncha hiyo iliyong'aa isiburuzwe chini, kwa kuwa mkwaruzo mdogo juu yake utaikata oili sili.

Kuing'oa krosi ya zamani

Ishike propela kwenye jiliwa kwa panda yake, kamwe si kwa bomba. Bomba ni jembamba kuliko linavyoonekana, na likibonyea ndilo hilo, balansi imekwenda. Safisha midomo ya vikombe, tia mafuta ya kulegeza kutu na uache kwa nusu saa; kwa gari la feri, acha usiku kucha. Toa sakilipu zote nne. Za nje hutolewa kwa koleo ya sakilipu au bisibisi nyembamba, na zile za ndani, zinazokaa chini ya sikio, hugongwa kwa tindo ndogo. Vaa miwani, kwa kuwa pete hizi huruka. Ikiwa mojawapo imeganda, kigonge kikombe chake kidogo kuelekea ndani ili uzito utoke kwenye pete, kisha ujaribu tena.

Tafuta soketi mbili: moja ndogo kuliko kikombe, nyingine kubwa kiasi cha kukimeza. Weka ndogo kwenye mgongo wa kikombe cha upande mmoja, kubwa kwenye sikio la upande wa pili, na uzibane zote kwa jiliwa. Kadiri unavyokaza, soketi ndogo inasukuma krosi nzima, na kikombe cha upande wa pili kinatokeza ndani ya soketi kubwa. Kikitoka sehemu ya kutosha, kikamate kwa koleo na ukizungushe huku ukivuta. Geuza, ufanye vivyo hivyo upande mwingine. Wengine hufanya kazi hii kwa nyundo na chuma, na inawezekana, ila kila pigo linaloangukia sikio badala ya kikombe huacha kovu ambalo baadaye utalazimika kulipiga tupa. Moto wa gesi nauogopa. Chuma cha sikio kikifika wekundu hupoteza ugumu wake, na sikio lililolainika halitashika kikombe tena.

Ukiishika krosi ya zamani mkononi, usiitupe kabla ya kuisoma. Ifute miguu yake kwa kitambaa chenye mafuta ya taa na uielekeze kwenye mwanga. Utaona mistari iliyosimama, imejipanga sawasawa kama meno ya kitana, kila mstari ukiwa kaburi la sindano moja. Ndiyo sababu krosi iliyochakaa, ukiipindisha kwa mkono, hushika katikati na kukataa kutoka: sindano zimeshajichimbia mahali pa kulala. Mistari ikiwa kwenye mguu mmoja tu na mitatu ni misafi, grisi haikufika kwenye mguu huo, na huenda njia yake ilikuwa imeziba. Ikiwa yote minne imekuwa rangi ya kahawa, maji yaliingia.

Safisha matundu ya masikio kwa msasa laini, vidole tu bila mashine, na mifereji ya sakilipu kwa ncha ya bisibisi. Kikombe kipya kikiingia kwenye tundu kwa kusukumwa na kidole gumba peke yake, sikio limepanuka, na hapo krosi mpya haitasaidia. Panda hiyo ni ya kubadilishwa.

Kufunga mpya

Hapa ndipo haraka inapoua. Toa vikombe vyote vinne na uvisimamishe juu ya gazeti safi, midomo juu, mbali na mchanga. Jaza grisi ya lithiamu namba 2 kiasi cha kuzishikilia sindano ukutani, bila kujaza shimo lote, kwani grisi iliyozidi itazuia kikombe kufika mwisho. Angalia uelekeo wa nipo kabla ya kuingiza chochote: itazame upande wa bomba la propela, na iwe mahali ambapo bomba la grisi litafika propela ikiwa imeshafungwa. Kuna wakati niliifunga ikitazama flanji, nikaligundua kosa langu nilipokuwa nimelala chini na bomba la grisi mkononi, na hapakuwa na njia nyingine ila kuishusha upya.

Ingiza krosi ndani ya masikio, kisha uanze kikombe cha kwanza kwa kukigonga kidogo hadi kisimame sawa tunduni. Kabla ya kukisukuma zaidi, sogeza mguu wa krosi uingie ndani ya kikombe hicho, na uendelee kuushikilia humo muda wote. Mguu ndio unaozilinda sindano zisianguke. Anza kikombe cha upande wa pili, sukuma krosi kidogo ili ikae nusu huku na nusu kule, kisha ubane vyote viwili kwa jiliwa, ukisimama kila mara na kuitikisa krosi kwa kidole. Iwapo inateleza, endelea. Iwapo imeganda ghafla, simama hapo hapo.

Siku hiyo ninayoikumbuka ilikuwa ndani ya Ramadhani, jua likielekea kuzama, na mwenye HiAce amesimama kando yangu akitazama saa kila dakika. Kikombe cha mwisho kilikwenda vizuri kisha kikakataa, kimebakiza milimita mbili hivi, sakilipu haikai. Nilijua maana yake. Sindano moja imeanguka na kulala chini ya kikombe, na kikombe sasa kimekaa juu yake. Badala ya kukitoa, nilichukua nyundo. Kilikwenda, sakilipu ikaingia kwa shida, na tukafuturu. Baada ya siku kumi gari lile lilivutwa kwa kamba kutoka Changamwe, kikombe kimepasuka vipande vitatu na sikio la panda limeliwa, na gharama ya panda niliibeba mimi. Kwa hiyo, kikombe kikikataa, kitoe, uzipange sindano upya, uzihesabu, uanze tena. Hakuna njia ya mkato hapo.

Vikombe vikishafika, tia sakilipu na uhakikishe kila moja imezama kwenye mfereji wake kwa mzunguko mzima. Izungushe kwa ncha ya bisibisi, ikizunguka bila kukwama imekaa. Kisha gonga masikio kwa nyundo ya shaba au ya plastiki, pigo moja moja kila upande, kwa nje. Mapigo hayo huviachilia vikombe vilivyobanwa na jiliwa virudi kuegemea sakilipu zake. Krosi iliyokuwa ngumu italegea mkononi mwako. Inatakiwa ipinde pande zote kwa nguvu ya mkono mmoja, bila kushika na bila kucheza. Toyota hutaja mchezo wa mlalo usiofika milimita 0.05, ambao kwa mkono ni sawa na hakuna. Ikibaki ngumu hata baada ya kugongwa, sakilipu ni nene mno au kuna sindano iliyolala.

Kurudisha na kujaribu

Propela inarudi kwa njia ile ile iliyoshukia, alama kwa alama. Paka oili ya giaboksi kwenye ncha iliyong'aa kabla ya kuipitisha kwenye oili sili. Safisha nyuso za flanji hadi chuma kionekane, kwa maana punje moja ya mchanga katikati yake itaifanya propela ikae upande. Tumia nati mpya ikiwa zile za zamani ni za kujifunga zenyewe, kaza kwa kukingamanisha, na umalizie kwa spana ya kupimia nguvu kwa kipimo kilichotajwa katika kitabu cha gari. Kibanio cha senta bearingi kikazwe mwisho, baada ya kuzungusha propela kwa mkono mara kadhaa ijitafutie katikati.

Piga grisi polepole hadi uione mpya ikichungulia kwenye sili zote nne. Ikichungulia tatu na moja ikabaki kavu, pindua krosi kidogo, ipunguzie uzito mguu huo, upige tena. Ukiuacha hivyo, ndio utakaokuja kuwa na mistari ya kitana.

Kwa majaribio, nenda kwanza mwendo wa kutembea na ubadilishe R na D mara kadhaa ukisikiliza. Kisha toka kwenye barabara iliyo wazi, kwa mfano kuelekea Mtwapa saa ambayo hakuna msongamano, upande taratibu hadi kilomita 80 na uachie mafuta. Mvumo mpya ambao haukuwepo kabla ya kazi ni alama iliyopotea au flanji iliyokaa vibaya, si krosi. Fungua bolti nne, geuza flanji nusu mzunguko, ujaribu tena kabla ya kumlaumu muuza spea. Ukibaki pale pale, rudisha flanji kwenye alama na upeleke propela kwa mkereza mwenye mashine ya balansi.

Wiki moja baadaye lala tena chini ya gari na ukague nati nne za flanji kwa spana. Baada ya hapo mimi hupiga grisi kila kilomita 5,000, siku ya kubadilisha oili, na kwa gari la kuvuka Likoni au lililopita kwenye maji ya mafuriko yaliyofika kwenye ekseli, hupiga siku hiyo hiyo, hadi grisi inayotoka iwe haina tena rangi ya maziwa.